Plagi Nne

Akinyi, niliyemjua akiwa mtoto na ambaye namba yangu aliipata kwa watu wa boda, alinipigia simu nikiwa dukani kwangu Litein, nimeinama chini ya kaunta nikitafuta cheni ya pikipiki ambayo nilijua nimeiweka mahali nikasahau ni wapi. Alisema, "Auntie Chebet, Baba ametuacha. Ijumaa tunampeleka nyumbani, lakini Alhamisi tutakuwa na watu hapa Kericho." Nilimwambia pole, nikamwambia nitakuja, kisha nikakaa juu ya katoni ya matairi ya ndani huku kijana wa boda akigonga kaunta na kuuliza, "Mathe, kuna cheni ama niende?" Nilimwambia aende. Siku hizi nachoka haraka. Huchoka hata kabla ya kazi, na mchana ule nilihisi uchovu wa aina nyingine, ule wa mtu aliyebeba kitu mkononi muda mrefu mpaka akasahau kwamba angeweza kukiweka chini. Baba yake Akinyi, Fundi Odhiambo, alikufa bila kujua jambo moja ambalo mimi nililijua, na nilikuwa na zaidi ya miaka ishirini ya kumwambia. Niliharibu jina lake nikiwa na miaka kumi na tisa. Nilikuja kujua kwamba hakuwa na kosa, na nikanyamaza.

Mwaka huo nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nikaenda kukaa kwa Kogo, bibi yangu, upande wa Kimulot, karibu na msitu, mahali ambapo ukungu huondoka saa nne asubuhi ukitaka na usipotaka unashinda hapo hapo. Kikundi cha maziwa cha pale kilikuwa na baiskeli iliyofungwa injini ndogo, zile za kuchanganya petroli na oili katika tanki moja, ambazo ukizisikia kwa mbali unadhani ni nyuki wamekasirika. Aliyekuwa akiiendesha alikwenda Nairobi na hakurudi. Nikasema mimi naweza. Mzee Koech, mwenyekiti wa kikundi, alinitazama kutoka viatu hadi kichwa, akasema, "Msichana akipanda hiyo kitu, nani atamuoa?" Kogo alikuwa ameketi kwenye nyasi amejifunika shuka lake, akajibu bila hata kugeuka, "Ataolewa na hiyo baiskeli. Angalau haitakuwa inakuja nyumbani ikinuka pombe." Wanawake walicheka, na kicheko hicho ndicho kilichonipa kazi. Sharti lilikuwa moja. Maziwa yakirudishwa mara tatu kwa sababu ya kuchelewa, njia anapewa mtu mwingine. Sikuwa na kitu kingine duniani kilichoitwa changu. Bila njia ile ningerudi kuvunja mgongo katika majani chai ya shangazi, na nilijua hivyo kila asubuhi nilipokaza kamba za mitungi.

Jiko la Kogo lilikuwa nyumba ya peke yake, nyeusi ndani kwa moshi wa miaka, na mafiga matatu katikati. Nililala upande mmoja kwenye kitanda cha fito na yeye upande wa pili. Vibuyu vya mursik, maziwa yetu ya kugandishwa, vilining'inia ukutani, na karibu na mafiga kulikuwa na kopo la bati lenye siagi aliyoitengeneza mwenyewe kwa kutikisa kibuyu huku akiimba nyimbo za kanisani. Siagi ile ilikuwa dawa ya kila kitu. Alipaka mikono iliyopasuka kwa baridi, alipaka ndama aliyezaliwa mnyonge, na yeyote aliyeanza safari alipakwa kidogo kwenye paji la uso huku akinenewa maneno ya heri. Mimi nilipakwa kila alfajiri. Nilikuwa nimesoma, nilikuwa na rafiki zangu kule chini kwenye tangi la kupozea maziwa, na sikutaka kufika nikinuka siagi. Nilikuwa nikifika langoni najipangusa kwa mkono wa sweta. Nilidhani Kogo haoni.

Mvua za masika zilipoanza, injini ikaanza kukohoa. Waliniambia niende kwa Odhiambo, fundi wa mitambo katika kiwanda cha chai, mtu wa kutoka ziwani aliyeishi na familia yake kwenye laini za nyumba za wafanyakazi na kutengeneza baiskeli jioni baada ya zamu. Chumba chao nakikumbuka kuliko nyumba nyingi nilizoishi baadaye. Kilikuwa kimoja tu, kimegawanywa kwa pazia la maua, na meza ambayo nusu yake ilikuwa ya chakula na nusu ya vyuma, na mpaka kati ya nusu hizo ulikuwa gazeti lililokunjwa ambalo Mama Akinyi aliliangalia kwa makini kama mpaka wa nchi. Oili ikivuka alimwambia, "Baba Akinyi, nchi yako inaingilia yangu." Akinyi alikuwa mdogo, yuko chini ya meza akipanga nati kwa ukubwa. Nilipewa ugali na omena kabla ya mtu yeyote kuniuliza nimeleta nini, na nilipochezea wale samaki wadogo kwa kidole Fundi alicheka akasema, "Kula, nyathina. Hao hawawezi kukuuma, washakufa." Kwa Kijaluo alikuwa ananiita mwanangu. Hakuwahi kuniita jina lingine mwaka ule wote.

Alifungua plagi ya zamani akaiweka kwenye kiganja changu. Ilikuwa imelika, ncha yake imekuwa mviringo. "Hii imezeeka, haina kesi," akasema. Kisha akatoa plagi tatu kwenye kisanduku akanipa somo ambalo mpaka leo nawapa vijana wanaokuja dukani, ingawa hawasikilizi. Alisema kwanza tazama urefu wa sehemu yenye nyuzi za kufungia. Ikiwa ndefu kupita kiasi piston itaigonga, na ikiwa fupi cheche itabaki shimoni na petroli haitawaka vizuri. Halafu tazama pua ile nyeupe ya ndani. "Plagi inakula moto," akasema. "Hii ya pua fupi inakula na kugawia injini yote, kwa hivyo inakaa baridi. Hii ya pua ndefu inakula na kujiwekea. Hiyo inajichoma uchafu yenyewe, lakini ukizidisha, itatoboa piston. Kwa hii injini yako tunaanza na ya katikati." Akapima mwanya wa ncha kwa kipande cha msumeno wa chuma, akisema kwamba unene wake ndio sawa kabisa na hakuna haja ya kifaa cha wazungu. Akaniambia baada ya wiki nimletee aione. Ikiwa na rangi ya biskuti, tumepata. Ikiwa nyeusi, kuna jambo. Na kwa sababu ya ukungu wa kwetu, akanishauri kila jioni niifungue niilaze kando ya meko ili asubuhi iwe kavu. Nilifanya hivyo hivyo. Sikuwahi kuwa mwanafunzi mtiifu hivyo shuleni.

Baiskeli iliwaka vizuri asubuhi ya kwanza, ikashuka vizuri, ikavuka daraja, na ilipofika katikati ya kilima cha upande wa pili ikakohoa mara mbili ikazima. Nilisukuma mitungi juu ya kilima kile nikilia. Nilifika kwa kuchelewa lakini maziwa yalipita. Fundi alipoitazama plagi alikuta imekuwa nyeusi, imelowa. Alinusa, akafuta, akanusa tena, akasema labda oili imezidi. Tukapunguza oili. Akanipa plagi ya pili, ya pua ndefu zaidi. Nikailaza kando ya meko. Siku ya tatu ikazima pale pale, na kesho yake pia, na mara zote mbili maziwa yakarudishwa. Alichukua wembe akakwangua ule weusi, akautazama mbele ya taa kwa muda mrefu, na nilimsikia akimwambia mkewe nyuma ya pazia, "Hii kitu inanishinda. Nayo imesomea wapi kuharibika?" Mama Akinyi akamwambia labda amechoka. Yeye akasema hapana, kuna kitu haoni. Basi akanipa plagi ya tatu, ya moto kabisa, akapunguza oili tena kidogo, na akaniambia, "Na hii, nyathina, enda polepole. Ukisikia injini inabadilisha sauti, zima. Hapa tunatafuta tu, bado hatujui."

Maneno hayo nayakumbuka neno kwa neno. Alisema tunatafuta, hatujui. Aliniambia niende polepole. Lakini maziwa yalikuwa yamerudishwa mara mbili, na karani wa tangi alikuwa ameanza kunicheka nikikaribia, akishika kijiko chake cha kupimia. Asubuhi ile niliposikia sauti ya injini ikibadilika, ikawa nyembamba, sikuzima. Nilikaza. Injini ikanoki, ikakwama kabisa pale kilimani, gurudumu la nyuma likajifunga, nami nikaenda chini pamoja na mitungi yote miwili. Maziwa yaliteremka barabarani yakifuata mkondo wa mvua, meupe juu ya udongo mwekundu, na mama mmoja aliyekuwa akienda kuchuma chai alisimama na kikapu chake mgongoni akasema tu, "Wololo." Ndiyo iliyokuwa mara ya tatu.

Kikundi kiliketi Jumapili baada ya kanisa, na Fundi akaitwa. Alikuja na kofia yake mkononi na zile plagi zimefungwa kwenye kitambaa, akidhani ameitwa kushauriana. Kabla hajafika nilikuwa nimesikia watu wawili nyuma ya jengo wakiongea. Mmoja alisema kwa lafudhi ya kwetu, "Hizo plaki ni mzee, anasukua na mswaki anauzia mtoto." Mwingine akajibu, "Hao watu wa kutoka huko wamekuja kutafuta, si kusaidia." Kwa hiyo nilijua maneno yanaelekea wapi. Mzee Koech aliniuliza mbele ya wote, "Chebet, nani alikupatia hizo plagi?" Nikasema, "Ni Fundi." Akauliza, "Zote tatu?" Nikasema, "Zote." Akauliza, "Uliona akitoa kwa paketi mpya?" Nikasema sikuona. Na kweli sikuona, zilikuwa kwenye kisanduku. Sikusema uongo hata neno moja, na hilo ndilo limenisumbua zaidi kwa sababu siwezi hata kutubu uongo. Fundi alinitazama. Alikuwa akingoja niseme kwamba alinionya niende polepole, kwamba alisema hatujui, kwamba niliisikia injini ikilalamika nikakaza. Nilitazama viatu vyangu. Mtu mmoja akasema msichana asinyang'anywe njia kwa kosa la mwizi. Wengine wakaitikia. Fundi akafunga kitambaa chake akasema, "Sawa. Mtafute fundi mwingine," akavaa kofia yake na kuondoka, na mimi nikabaki na njia yangu.

Silinda ilitengenezwa mjini, na ikabidi ninunue plagi nyingine, ya nne. Nilikwenda Litein nikanunua ile ile aina ya kwanza, ya katikati, kwa sababu ndiyo pekee iliyokuwapo dukani. Jioni nikailaza kando ya meko kama kawaida. Alfajiri niliamka mapema kuliko siku zote kwa sababu mbavu bado ziliniuma, na sikufungua macho yote. Kogo alikuwa amechuchumaa mbele ya mafiga. Alikuwa ameshika plagi yangu kwa mkono wa kushoto, na kwa kidole cha mkono wa kulia alikuwa akiipaka siagi, taratibu, ndani na nje, akiingiza ukucha mpaka kwenye ile pua nyeupe, na midomo yake ikinena maneno yale yale ya safari. Akamaliza, akaifuta nje kwa shuka lake isiteleze, akairudisha mahali pake.

Niliketi. Nilimuuliza, "Kogo, unafanya nini?" Hakushtuka hata kidogo. "Wewe unapangusa baraka zangu langoni," akasema. "Nimekuona tangu siku ya kwanza. Nikasema, basi nitaweka kwa hiki kinachowasha moto, maana hiki hakina sweta." Nikamuuliza ameanza lini. Akasema tangu nilipoanza kukilaza hapo, kila siku, hajaacha hata moja, na kwamba siku niliyoanguka ni siagi ile iliyonizuia kuvunjika shingo. Alisema hivyo kwa furaha, na macho yake, ambayo tayari yalikuwa na ukungu wa uzee, yalikuwa yakitafuta uso wangu aone kama nimefurahi. Siagi ilikuwa ikiungua juu ya ile pua na kuwa masizi, masizi yakila cheche, na sisi tukibadilisha plagi na kupunguza oili mpaka injini ikakauka. Nilielewa yote nikiwa bado nimeketi kitandani. Nilimwambia, "Kongoi, Kogo." Asante.

Tangu siku hiyo nililala na plagi mfukoni mwa sweta, na nikawa simwambii Kogo ipo wapi. Nilimwachia paji langu la uso apake, na sikupangusa tena. Injini haikuzima tena mwaka ule. Ilipanda kilima kile ikiwa na mitungi mitatu. Na kila ilipopanda, watu walisema, "Mnaona? Tangu aache plagi za yule mtu." Hata karani wa tangi alisema. Plagi ile ile, aina ile ile aliyonichagulia siku ya kwanza kabisa kwenye meza yake, ndiyo ikawa ushahidi dhidi yake kila asubuhi, na mimi ndiye niliyekuwa nikiuendesha barabarani.

Nimejieleza mara nyingi kichwani kwa nini nilinyamaza. Ningesema kwamba Kogo alikuwa akipaka kitu kwenye injini gizani huku akinena maneno, na injini hiyo ikamwangusha mjukuu wake na kumwaga maziwa ya nyumba kumi na mbili, najua wangesema nini juu ya mwanamke mzee. Kule kwetu maneno ya aina hiyo hayarudi nyuma yakishatoka. Wazee wamechomewa nyumba kwa madogo kuliko hayo. Hiyo ni kweli, na nilimpenda. Lakini nisijifanye mtakatifu. Ningefungua mlango huo, wangeuliza pia kuhusu sauti ya injini kilimani, na ningepoteza njia. Nilikuwa na sababu moja nzuri na nyingine mbaya, nikaificha mbaya nyuma ya nzuri.

Fundi aliomba uhamisho kabla mwaka haujaisha. Nilikutana naye mara moja tu kabla hajaenda, sokoni Litein, akinunua viazi. Nilitaka kupita upande wa pili lakini alikuwa ameshaniona. Alinisalimia vizuri, akauliza hali ya Kogo, kisha akauliza, "Injini inaenda?" Nikasema, "Inaenda, Fundi." "Haizimi?" "Haizimi." Akahamisha mfuko wa viazi kutoka mkono mmoja hadi mwingine. "Unatumia plagi gani?" Nikamwambia. Uso wake haukuonyesha hasira. Niliona ule uso wa mtu anayejaribu hesabu na kuikuta inakataa. "Hiyo ndiyo ile ya kwanza," akasema. Nikasema ndiyo. Alingoja. Nadhani alingoja muda wa kutosha kwa mtu yeyote mwenye moyo kufungua mdomo. Kisha akasema, "Haya, nyathina. Wasalimie Kimulot," akaondoka.

Alhamisi nilifika Kericho saa nane mchana. Turubai lilikuwa limejaa watu wa kiwandani, watu wa kanisa, na madereva na waendesha pikipiki ambao aliwatengenezea vyombo vyao baada ya kustaafu. Mmoja baada ya mwingine walishika kipaza sauti, na wote walisimulia jambo lile lile. Fundi Odhiambo hakuweza kukufungia kipuri ambacho hujakiona kikitoka kwenye paketi. Alikuita usimame karibu, akapasua paketi mbele yako, akakuonyesha, akamwita na mtu mwingine wa karibu ashuhudie, hata kama ni mpita njia tu, kisha akakuambia useme kwa sauti, "Nimeona ni mpya." Ukikataa kusema, hakufungii. Kijana mmoja alimwigiza alivyokuwa akisimama na kofia yake, na turubai zima likacheka kwa upendo. "Huo ndio uaminifu wa mzee wetu," akasema. "Sijui alifundishwa na nani." Akinyi naye alikuwa akicheka huku akifuta machozi. Mimi sikuweza kucheka wala kulia. Niliinuka nikaingia ndani ya nyumba.

Mama Akinyi alikuwa ameketi kwenye godoro sakafuni, amenyoosha miguu. Nilikaa karibu naye nikamwambia yote, sikuacha kitu. Nilimwambia habari za meko, siagi, ukucha wa Kogo, sauti ya injini, na viatu vyangu nilivyovitazama. Nilipomaliza alisema, "Siagi," kama mtu anayeonja neno. "Baba Akinyi alikuwa anatoa hizo plagi anaziweka kwa meza miaka na miaka. Namwambia acha, anasema, Mama Akinyi, ni kitu gani sikuona? Na ilikuwa siagi." Nikasema pole. Nikasema niliogopa kwa ajili ya Kogo.

"Huyo Kogo wako alikufa lini?" akauliza.

"Miaka mitatu baadaye, mama."

"Na hiyo miaka ingine yote, ulikuwa unamlinda nani?"

Nje walikuwa bado wanacheka. Nilimjibu ukweli, kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine aliyebaki wa kujificha nyuma yake. "Nilikuwa najilinda mimi."

Hakunipiga wala hakunifukuza. Alinitazama kwa macho ya mtu ambaye hajalala siku nne, akaelekeza kidevu mlangoni. "Basi enda uwaambie hao. Usiniambie mimi, mimi nilijua yeye si mwizi."

Nilitoka. Yule kijana alikuwa anamaliza, akanipa kipaza sauti akidhani mimi ni mmoja wa wateja. Watu walinitazama wakiwa bado na tabasamu.

"Naitwa Chebet, wa Kimulot," nikasema. "Hiyo tabia mnayoisifu ni kovu la jeraha, na aliyemtia jeraha hilo ni mimi."